Umetumwa na wenzako: mwongozo wa timu ya majadiliano ya tawi

Mpe mtu mmoja madai yaleyale mara mbili. Mara ya kwanza aende peke yake kwa meneja utumishi, mlango umefungwa. Mara ya pili akae mbele ya meneja yuleyule huku wanachama sita wa tawi wamejipanga nyuma ya kiti chake. Madai hayajabadilika, hesabu haijabadilika, ila mtu amebadilika. Sauti imepanda, "tunaomba" imekuwa "tunataka", na pale alipokuwa tayari kushuka kutoka asilimia 12 hadi 10 sasa hashuki hata nusu. Hajapata ujasiri wa ghafla. Anazungumza na pande mbili kwa wakati mmoja, na ile iliyo nyuma yake ndiyo anayoiogopa zaidi.

Mwongozo huu ni wa kamati za matawi ya vyama vya wafanyakazi Tanzania zinazojiandaa kwa mkataba wa hali bora (makubaliano ya maandishi kati ya chama na mwajiri kuhusu mishahara na masharti ya kazi) chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Mambo ya sheria tutayagusa yanapohitajika. Tutakaa zaidi kwenye kundi lenyewe: nani anatumwa, anatumwaje, nani anamtazama, na hayo yote yanavyompinda akiwa mezani.

Mwaka 1965 Wamarekani wawili, Richard Walton na Robert McKersie, waliyachambua majadiliano ya viwandani wakaonyesha kwamba fungu zima la kazi hiyo hufanyika ndani ya upande mmoja. Mjumbe hujadiliana na waliomtuma kabla, katikati na baada ya kujadiliana na mwajiri. Katibu wa tawi aliyewahi kurudi na asilimia 6 mbele ya watu walioahidiwa 15 anaijua sehemu hiyo bila kufundishwa. Methali inasema mjumbe hauawi, lakini mjumbe wa methali hubeba maneno tu. Wenu anabeba na kalamu ya kusaini.

Wa kati, wa pembeni na wa nje

Kabla ya kupendekeza majina, jiulizeni kila mmoja anasimama wapi katika kundi. Si cheo chake kwenye kamati, bali nafasi yake machoni pa wanachama.

Mtu wa kati ni yule ambaye wanachama wakimwangalia wanajiona wenyewe: kazi yake ni ya wengi, miaka yake kazini ni mingi, lugha yake ni ya pale karakana. Hana la kuthibitisha. Akirudi na kidogo, watu watamnung'unikia, lakini hakuna atakayesema "huyu si mwenzetu".

Mtu wa pembeni yumo kundini ila hajakaa sawasawa. Ni mhasibu anayewasemea waendesha mashine, au mgeni aliyehamia mwaka jana kutoka tawi lingine. Ni msimamizi wa zamu ambaye nusu ya watu wanamwona ni wa menejimenti, au yule ambaye uchaguzi wa tawi uliopita ulimpa ushindi wa kura tatu. Huyu akiwa mezani anajadili mambo mawili: mishahara ya wenzake na nafasi yake miongoni mwao. La pili humla zaidi.

Mwanasaikolojia Gerben van Kleef na wenzake walilipima jambo hili katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2007. Waliojiona wa pembeni katika kundi lao walituma ujumbe mkali zaidi kwa upande wa pili kuliko waliojiona wa kati, lakini pale tu walipojua kwamba watatoa hesabu kwa kundi. Na walipandisha madai yao pale tu kundi lilipokuwa la kuvutia, yaani pale walipotaka kweli kuwa ndani yake. Soma sehemu hiyo ya mwisho mara mbili. Maana yake ni kwamba mpiga meza wenu huenda ndiye anayelipenda tawi kupita wote, na ukali wake ni ombi la kukubaliwa.

Halafu kuna mtu wa nje kabisa, ambaye mara nyingi huchanganywa na wa pembeni. Waswahili wanamfahamu: ni mshenga. Familia nyingi humtuma kwenye mazungumzo ya mahari mtu mzima ambaye si baba wala kaka wa bwana harusi. Anaweza kutozwa faini ya kuchelewa, akachekwa, akaambiwa barua imekosewa, akarudi na kutumwa tena, na hakuna kinachomuuma kwa sababu nafasi yake katika familia ile haiko mezani. Anaweza kuomba kupunguziwa bila kujidhalilisha. Katika majadiliano ya kazi mtu wa namna hii ni katibu wa chama wa mkoa au wa kanda. Hatafuti kura za tawi lenu na jioni hapandi basi moja nanyi. Mtumieni kwa kazi za mshenga: kufikisha neno zito bila hasira, na kupendekeza kushuka ambako mtu wa ndani angeitwa msaliti kwa kukutaja. Udhaifu wake ni kwamba haijui zamu yenu, wala hajui kwa nini buti za usalama zinaisha miezi minne baada ya kugawiwa. Asiwe msemaji pekee.

Mtu wa pembeni asiachwe nje ya timu. Mara nyingi ndiye mwenye hesabu, tena ndiye anayeuelewa upande wa pili. Ila mfanyieni mambo matatu. Mthibitisheni mapema, hadharani, kabla ya majadiliano: mwenyekiti aseme mbele ya mkutano kwa nini huyu amechaguliwa na kwamba tawi zima lipo nyuma yake. Mpeni kazi yenye heshima isiyohitaji kelele, kama kutunza majedwali ya gharama na kuandika kumbukumbu. Na asiachwe kuwa yeye anayetoa kauli ya kwanza wala ya mwisho wakati watazamaji wapo.

Timu ya watu wangapi, kutoka wapi

Sheria inaruhusu tawi lenye wanachama zaidi ya 100 kuwa na wawakilishi 15 mahali pa kazi, na angalau 5 kati yao wawe wa kuwawakilisha wafanyakazi wanawake. Hiyo ni kamati. Msiipeleke yote mezani. Watu 15 wakiingia chumba kimoja, kila mmoja anawatazama wengine 14, na kila mmoja anatafuta sentensi moja itakayosimuliwa kesho kantini. Wapelekeni watano au sita: msemaji mmoja, mwandishi wa kumbukumbu, mtu wa hesabu, mmoja au wawili kutoka idara ambazo msemaji hatoki, na katibu wa chama wa mkoa. Ikiwa hakuna mwanamke kati yao, rudieni uteuzi. Likizo ya uzazi, muda wa kunyonyesha na usafiri wa usiku huwa vya kwanza kutolewa kafara pale asiyevihitaji anaposhika kalamu.

Ubaya wa timu ya idara moja huonekana kwenye namba, kwa hiyo tupige hesabu. Chukulia kiwanda chenye wanachama 180: mashine 60 wanaofanya zamu, ghala na upakiaji 85, ofisi na maabara 35. Wastani wa mshahara wa msingi ni shilingi 320,000 kwa mwezi. Jumla ya mishahara kwa mwezi ni 57,600,000. Kila asilimia 1 ya nyongeza kwa wote inamgharimu mwajiri 576,000 kwa mwezi, yaani 6,912,000 kwa mwaka.

Sasa angalia nyongeza ya usiku. Sheria inataka angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa inayofanywa usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Kwa wiki ya saa 45, mwezi una saa kama 195, hivyo saa moja ya mfanyakazi huyu ni shilingi 1,641, na asilimia 5 yake ni 82. Akifanya zamu 9 za usiku za saa 8 anapata saa 72, sawa na kama shilingi 5,900 kwa mwezi. Mkiomba nyongeza hiyo iwe asilimia 10, kila mtu wa mashine anapata 5,900 nyingine, ambayo kwake ni sawa na kuongezewa mshahara kwa karibu asilimia 1.8. Kwa mwajiri, watu 60 ni shilingi 354,000 kwa mwezi, au asilimia 0.6 tu ya mishahara yote.

Hapo ndipo mkataba mzuri unapotengenezwa: kitu kinachothaminiwa sana na kundi moja la wanachama na kinachomgharimu mwajiri kidogo. Lakini timu iliyotoka ofisini yote haikioni. Wao hawalali mchana. Wataibadilisha nyongeza ya usiku kwa nusu asilimia ya mshahara kwa wote, na wataamini kwa dhati wamewatendea haki watu wote 180. Si hila. Mtu huona kwanza shida iliyo karibu na dawati lake, na kundi lake dogo ndilo linalomjia akilini anaposema "wafanyakazi". Timu ya mashine tupu nayo itafanya vivyo hivyo kwa upande wake: itapigania usiku hadi mwisho na kusahau kwamba wapakiaji 85 wanaumizwa na nauli.

Dawa yake ni jedwali la ukurasa mmoja. Kila dai liwe na safu nne: linamgusa nani na ni wangapi, linampa kila mmoja shilingi ngapi kwa mwezi, linamgharimu mwajiri kiasi gani, na gharama hiyo ni sawa na asilimia ngapi ya mishahara yote. Likamilike kabla ya kikao cha kwanza. Takwimu mkikosa, ombeni kwa barua: chama kinachotambuliwa kina haki ya kupewa na mwajiri taarifa zinazohitajika ili kijadiliane ipasavyo.

Kuna kundi jingine linalosahaulika kwa urahisi. Chama kikishatambuliwa kwa sababu kina wengi, mkataba wake unawabana na wasio wanachama walio ndani ya eneo la majadiliano, yaani kundi la wafanyakazi ambalo chama kinalisemea, na kama kuna makubaliano ya ada ya uwakala (ada ya asiye mwanachama kwa kusemewa na chama) wanakatwa pia. Mnawasemea watu wasiokuja mkutanoni. Wekeni mstari wao kwenye jedwali.

Kukusanya madai bila kuchocheana

Kosa la kawaida kuliko yote ni kuitisha mkutano wa wanachama na kuuliza, "Jamani, tudai asilimia ngapi?" Mmoja atasema 15. Wa pili, ambaye nyumbani alikuwa na 10 kichwani, atasema 20. Mwenye kutaja 12 atazomewa. Kundi lenye mwelekeo mmoja likizungumza pamoja huishia mbali zaidi kuliko pale ambapo kila mtu alikuwa amesimama akiwa peke yake. Wanasaikolojia wameliona hilo tangu miaka ya 1960, na kila Mei Mosi inalirudia. Mkitoka hapo, msemaji wenu amefungwa na namba ambayo hakuna hata mmoja aliyeiamini asubuhi.

Fanyeni hivi badala yake. Wiki mbili kabla ya mkutano, kila mwanachama apewe karatasi yenye madai manane hadi kumi, bila jina lakini yenye alama ya idara yake. Achague matatu na kuyapanga kwa uzito. La kwanza pointi 3, la pili 2, la tatu 1. Hesabuni kwa jumla na kwa kila idara peke yake, kwa sababu jumla huwameza wachache: posho ya usiku inaweza kuwa ya tano kitawi na ya kwanza kwa watu wote 60 wa mashine. Mkutano unapokaa, unapewa matokeo na kuulizwa swali tofauti: je, mpangilio huu tuuchukue? Watu watajadili mpangilio. Namba zitabaki kwa timu.

Hati ya idhini

Kutoka hapo kamati inaandika hati ya idhini, kurasa mbili zinatosha. Iwe na:

– madai kwa mpangilio, na yapi yanaweza kubadilishwa kwa yapi;
– kwa kila dai la fedha, namba tatu: ya kufungulia, ya lengo, na ya mwisho (kwa mfano 16, 11 na 8);
– mambo ambayo timu inaweza kukubali papo hapo, na yale ambayo lazima yarudi kwenye kamati;
– nani msemaji, na nani anachukua nafasi yake akiugua.

Idhini ikiwa finyu mno ("msirudi bila 15") inamfanya mjumbe kuwa mbeba barua. Hawezi kusikiliza, kwa sababu hakuna atakalofanya na anachosikia. Ikiwa pana mno ("fanyeni mtakavyoona"), mnamwacha peke yake na hofu yake, na hofu hujaza pengo kwa kukisia wanachama wanataka nini. Makisio hayo huwa makali kuliko ukweli. Katika majaribio ya Robert Blake na Jane Mouton mwanzoni mwa miaka ya 1960, wajumbe waliotumwa na makundi kulinganisha hoja zao na za kundi jingine karibu wote walishikilia za kwao, hata pale hoja za upande wa pili zilipokuwa nzuri. Kukubali kungeonekana kama kusalimu amri.

Namba ya mwisho isitoke nje ya kamati na timu. Kuna sababu mbili. Ya kwanza iko wazi: namba iliyosemwa mbele ya watu 180 jioni inalala kwa meneja usiku uleule. Ya pili hudharauliwa: ikishajulikana, namba ya mwisho hugeuka kipimo cha aibu. Timu ikirudi na 8.5 huku kila mtu akijua mwisho ulikuwa 8, imefaulu kwa nusu tu na itazomewa kwa ukamilifu.

Lakini usiri huzaa tuhuma ya kulamba asali, yaani kuhongwa. Basi andikeni namba, wajumbe wa timu wasaini, ziwekwe kwenye bahasha ya gundi (hii si bahasha ya rushwa), na mtunza hazina wa tawi aifungie kabatini. Ifunguliwe mbele ya mkutano baada ya mkataba kusainiwa. Mjumbe anayejua kuna ushahidi wa kumtetea hana haja ya kujitetea kwa makelele mezani.

Macho yanayotazama

Mwaka 1979 Peter Carnevale, Dean Pruitt na Britton walichapisha utafiti kuhusu wajumbe wanaotazamwa na waliowatuma. Waliotazamwa walijadiliana kwa ubabe zaidi, na faida ya pamoja ya pande zote mbili ikawa ndogo.

Kwa hiyo chumba cha majadiliano kisiwe na watazamaji. Hilo linakubalika kwa urahisi. Tatizo la siku hizi ni simu. Mjumbe mmoja akiandika kwenye kundi la WhatsApp la tawi, "wametoa asilimia 3, tumewaambia wapeleke kwa ndugu zao", watu 180 wameingia chumbani. Dakika kumi baadaye zinaanza kushuka emoji za ngumi, na msemaji anayetaka kusema "hebu tuiangalie hiyo 3 pamoja na nauli" ameshafungwa mdomo na watu wa kwake. Simu zikusanywe kwenye kapu moja kabla ya kikao, za pande zote mbili, na hilo liandikwe kwenye kanuni za majadiliano mnazosaini mwanzoni. Kama menejimenti ikikataa, za kwenu zikusanywe hata hivyo.

Ukimya kamili nao ni sumu. Ndani ya saa 24 baada ya kila kikao, katibu wa tawi atoe taarifa fupi yenye mambo matatu: yaliyojadiliwa, yaliyokubaliwa kwa maandishi, tarehe ya kikao kijacho. Asitaje nani alisema nini, wala namba zilizo hewani. Ikiwezekana maneno yaleyale yatolewe na menejimenti kwenye ubao wa matangazo. Taarifa isipotoka, uvumi hutoka, na mjumbe atalazimika kuujibu uvumi huo katika kikao kinachofuata kwa kuonyesha ukali asiouhitaji.

Mezani

Anzeni na mambo mawili matatu madogo yanayokubalika: vifaa vya kinga, ubao wa matangazo, muda wa wawakilishi kufanya kazi za chama. Yasainiwe kila moja kwa herufi za mwanzo za majina. Timu ikishakuwa na kitu mkononi cha kuonyesha nyumbani, hofu ya kurudi mikono mitupu inapungua kabla hamjafika kwenye mshahara.

Msemaji mmoja. Wengine wanaongea wakipewa nafasi. Wekeni alama ya kuomba faragha, kwa mfano kuweka kalamu juu ya daftari lililofungwa, na mjumbe yeyote anaruhusiwa kuitoa. Faragha iwe ya dakika 15 hadi 20, katika chumba kingine. Korido haifai, kwa sababu huko watapita watu wa zamu wakiuliza "vipi?" na kila mmoja wenu atapandisha mabega. Katika faragha mtu wa hesabu aanze, mkali wa timu amalizie. Mkibadilisha mpangilio huo, wa kwanza anaweka kiwango cha uzalendo na waliobaki wanashindana kukifikia.

Dalili kwamba mjumbe ameanza kucheza na jukwaa: anatumia "sisi wafanyakazi" katika kila sentensi, anarudia hoja iliyokwishajibiwa, anamwangalia mwenzake badala ya meneja anapomaliza kusema, anamgusa meneja binafsi (gari lake, kabila lake, uraia wake). Msimsahihishe hapo mezani. Kumdhalilisha mbele ya upande wa pili kutamsukuma zaidi pembeni, na mmeshaona wa pembeni hufanya nini. Ombeni faragha. Mwambieni kwanza alichosema cha kweli, kisha mpeni jambo mahususi la kuuliza mkirudi, swali lenye namba ndani yake.

Mkumbuke pia kwamba aliye mbele yenu ametumwa. Meneja utumishi anarudi kwa mkurugenzi, mkurugenzi kwa bodi, na kama kampuni ina makao makuu nje ya nchi kuna mtu asiyewahi kuona mashine zenu anayesubiri barua pepe. Akiwa mgeni katika menejimenti, au Mtanzania pekee kati ya mameneja wa kigeni, huenda yeye ndiye mtu wa pembeni wa upande ule, na ugumu wake una chanzo kilekile. Kumbana mbele ya wakubwa wake ni kumkaza. Muulizeni waziwazi: "Ukienda bodi na asilimia 9, watakuuliza nini?" Mkishajua swali, msaidieni kuandika jibu. Jedwali lenu la gharama linaweza kuwa ukurasa wa kwanza wa taarifa yake. Wajumbe wengine huona hili ni kumfanyia kazi adui. Kwetu ni njia ya haraka zaidi ya kupata saini.

Mkikwama

Mgogoro wa maslahi, yaani wa kudai masharti mapya, unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ambako usuluhishi una siku 30 isipokuwa pande mbili zimekubaliana kuongeza. Ukishindikana, mgomo halali unahitaji kura iliyopigwa kwa mujibu wa katiba ya chama, wengi wa waliopiga wakiunga mkono, na taarifa ya saa 48 kwa mwajiri. Walio katika huduma muhimu, kama maji, umeme, zimamoto na afya, kwa kawaida hawana njia hiyo. Mgogoro wao huishia kwenye uamuzi wa Tume.

Timu nyingine hukimbilia CMA mapema kwa sababu pale lawama itabebwa na mwingine. Pima. Ikiwa mmebaki na tofauti ya asilimia moja na jedwali linaonyesha njia, kwenda huko ni kupoteza mwezi. Lakini ikiwa pande zote mbili zimeshajifunga hadharani, msuluhishi ni wa thamani kubwa. Pruitt na Johnson walionyesha mwaka 1970 kwamba pendekezo la msuluhishi humwezesha mtu kushuka bila kujiona dhaifu. Namba ileile ya 9 ikitoka kwa meneja ni kushindwa, ikitoka kwa msuluhishi ni busara ya mtu mzima. Mwombeni aipendekeze yeye.

Kurudi

Timu ikikubaliana, iende kwa wanachama ikiwa na sauti moja. Aliyepinga ndani ya faragha ana haki ya kuandikwa kwenye kumbukumbu za kamati, hana haki ya kusimama mkutanoni na kusema "mimi nilikataa". Hilo liandikwe kwenye hati ya idhini tangu mwanzo, maana usiku wa mkutano huwa kishawishi kikubwa, hasa miezi michache kabla ya uchaguzi wa tawi.

Mwacheni mtu wa kati aeleze, hata kama hesabu zote zilifanywa na mwingine. Aanze na idara ambayo haikupata ilichotaka zaidi, ataje kwa shilingi walichokosa na walichopata, ndipo aende kwa wengine. Walioshinda watavumilia kusubiri. Aliyekosa akisikia kwanza vigelegele vya jirani, hasikii tena kinachofuata. Kura ipigwe kwa karatasi, idara kwa idara, masanduku tofauti, ili mjue mapema ni wapi mkataba haukupokelewa.

Ukipita, usainiwe na pande zote mbili. Unaanza kubana siku ya saini ya mwisho, isipokuwa wenyewe umetaja tarehe nyingine. Nakala moja ipelekwe kwa Kamishna wa Kazi, moja makao makuu ya chama, na moja ibandikwe ubaoni karibu na mashine ya mahudhurio, si ofisini. Kisha bahasha itolewe kabatini ifunguliwe, mwandishi asome namba zote tatu kwa sauti, na karatasi ipitishwe mkono kwa mkono kuanzia viti vya nyuma.